Namba Niliyoiandika Mlangoni mwa Zizi

Harufu ya dawa ya josho ndiyo iliyonikamata. Nilikuwa darasani, mgongo nimewapa wanafunzi, naandika ubaoni ile namba yangu ya kila mwaka, mara upepo ukaingia dirishani na harufu hiyo kali ya kukwaruza koo, iliyo kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na kitu kilichooza kidogo. Josho la nyuma ya shule, ambalo nimelijua kavu miaka yote, limekarabatiwa, na siku hiyo walikuwa wanaogesha ng'ombe kwa mara ya kwanza. Chaki ikanivunjikia mkononi. Wanafunzi wakacheka, wakidhani mwalimu wao ameanza kuzeeka.

Namba yenyewe ni hii: 142857. Laki moja arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba. Kila kidato cha kwanza wanapoingia huwa nawachezea nayo ili wasiogope somo langu la hisabati. Nawaambia wazidishe kwa mbili, wanapata 285714. Kwa tatu, 428571. Hapo wanaanza kuguna, maana tarakimu ni zilezile sita, zinafuatana vilevile, ila iliyotangulia mbele imebadilika. Kwa nne ni hivyo, kwa tano ni hivyo, kwa sita ni hivyo. "Mwalimu, umeitoa wapi hii?" wanauliza, nami najibu kwa maringo kwamba niliigundua mwenyewe nikiwa mdogo kuliko wao. Huo ni uongo. Na kila mwaka hakosekani mtoto mmoja mwenye kiherehere atakayenyoosha mkono: "Na mara saba je, mwalimu?" Namjibu kwamba kengele inakaribia kulia. Huo nao ni uongo, kengele huwa bado sana.

Namba si yangu. Ni ya Minza.

Minza alikuwa binti wa shangazi yangu, ambaye kwa Kisukuma chetu tulimwita sengi. Sengi aliolewa mbali, Bukundi, na huko shule ilikuwa mwendo wa kukutoa machozi, basi akamleta binti yake kwetu ili asome. Sisi tulikaa njia ya Lagangabilili, enzi ambazo ofisi za wilaya zilikuwa bado hazijafika, ni mashamba ya pamba, uzio wa minyaa na vumbi. Minza alikuwa darasa la tano, mimi la nne. Tulilala kitanda kimoja cha kamba, tukajifunika shuka moja, tukagombania maziwa ya mgando kutoka kibuyu kimoja. Nilimpenda. Naliandika hilo mapema kwa sababu yanayofuata yatawafanya mdhani sikumpenda.

Yule msichana alikuwa na kichwa! Mimi nilikuwa najua hesabu za kupata vema kwenye daftari, yeye alikuwa anaziona. Siku moja mwalimu wao aliwapa desimali, wagawanye moja kwa saba, akawaambia waendelee mpaka iishe, kisha akaenda zake ofisini kunywa chai. Wenzake walifika tarakimu ya tatu wakachoka. Minza alikuja nayo nyumbani. Uwanja wetu mama alikuwa ameufagia asubuhi, uko safi kabisa, akachukua kijiti akaanza kugawanya kwenye mchanga kutoka mlango wa jiko. Akapita kwenye mafiga, akazunguka kinu, akafika kwenye kihenge cha mtama. Mama aliporudi kutoka kuchota maji akakuta uwanja mzima ni tarakimu.

"Ng'wanone, mwanangu, unafanya nini?" mama akauliza, ndoo ingali kichwani.

"Naitafutia mwisho, mayu."

"Na isipoisha?"

"Itaisha tu. Mwalimu kasema iishe."

Haikuisha. Lakini Minza alipochuchumaa pale kihengeni na kurudisha macho nyuma, akapiga kelele ya furaha mpaka kuku wakatawanyika. Moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Zilikuwa zinarudi! Akanivuta mkono akinionyesha hatua kwa hatua, kutoka kihengeni hadi jikoni, namna zilivyokuwa zinazunguka na kurudi.

Tangu hapo tukawa na ng'ombe wetu sita. Minza ndiye aliyewaita hivyo. Moja alikuwa fahali mwembamba, Nne yule wa pembe zilizopishana, Mbili yule wa shingo iliyopinda, Nane jike lenye mimba, Tano yule mnene mbele, na Saba yule wa pembe moja iliyovunjika. Kila jioni baada ya kuosha vyombo tulikuwa tunawapeleka machungani: tunazidisha kwa mbili, Mbili anatangulia na wengine wanamfuata, tunazidisha kwa tatu, Nne anatangulia. Foleni haivurugiki. Kwa wiki moja tulifika sita, na Minza hakutaka tukimbie. "Ya saba tutaifanya Jumapili," akasema, "tukitoka kanisani. Tusiile yote kwa mara moja." Alivyosema hivyo alinikera. Ilikuwa kama anaficha nyama.

Sasa niwaambie kuhusu ng'ombe wenyewe, wale wa kweli. Baba yangu hakuwahesabu ng'ombe wake, wala hakuruhusu mtu awahesabu. Jioni alikuwa anasimama mlangoni mwa zizi, mikono nyuma, wanaingia, anawaangalia rangi zao tu. Akikosekana mmoja angesema, "Yuko wapi yule mwekundu wa baka?" na kweli yule mwekundu wa baka angekuwa amebaki mtoni. Mgeni akiuliza wako wangapi, baba alijibu, "Wapo." Kuhesabu ng'ombe kwa kidole au kwa mdomo ni kuwaita wapungue, na kwetu hata mtoto wa kutambaa alijua. Minza alijua kuliko sote, maana namba zilikuwa zinamtoka hovyo. Mgawanyo wake ulikomea kihengeni kwa makusudi. Hatua kumi zaidi angefika zizini, na yeye akasimama.

Mimi sikusimama. Siku ya Alhamisi watu wazima walikuwa shambani wanachuma pamba, ng'ombe wako malishoni, Minza ametumwa mashineni kusaga. Nilitaka niijue ya saba kabla yake. Nilitaka Jumapili aanze kuzidisha, mimi nimkatishe nimpe jibu, anione na mimi nina kichwa. Ni hilo tu, jamani, wala si chuki. Nikachukua kipande cha mkaa, na kwa kuwa pale mlangoni mwa zizi kulikuwa na gogo kubwa lililochongwa bapa, lisilofutika ovyo kama mchanga, nikaandika hapo.

Saba mara saba, arobaini na tisa. Naandika tisa. Saba mara tano na nne, thelathini na tisa. Tisa. Nikaendelea, na kila nilipogusa ilitoka tisa, mpaka nikabaki nawatazama sita wamesimama kwenye gogo: 999999. Fahali mwembamba yuko wapi? Jike lenye mimba je? Wote wamekuwa mmoja, hawana sura, hakuna wa mbele wala wa nyuma. Mtoto wa miaka kumi, akili yangu ikaniambia wamekufa. Nikafuta kwa kiganja, hazikufutika, mkaa ukazidi kuingia kwenye mti.

Na bado sikukoma. Jioni ng'ombe waliporudi nilijificha upande wa nyuma wa uzio, kwenye minyaa, nikawahesabu wa kweli, kwa kidole, ili nihakikishe kwamba sikuwaua. Nilihesabu mpaka wa mwisho. Idadi yao sitaitaja hapa, hadi leo mdomo unakataa.

Siku chache baadaye yule mwekundu wa baka akagoma kula. Tezi za chini ya masikio zilimvimba, macho yakatoa machozi, akawa anakohoa kama mzee wa tumbaku. Akafa. Akafuata ndama wake. Wakafuata wawili kwa siku moja. Nyumba ikajaa nyama ambayo hakuna aliyeifurahia. Mimi nilikuwa naamka kabla ya jogoo, nikisikiliza zizini nani anakohoa. Sikumwambia mtu. Jumapili ilifika, nyingine ikafuata, na kila mara Minza akisema, "Haya, ya saba," namwambia kichwa kinaniuma.

Ni baba aliyeziona zile tisa. Alikuwa ameegemea lile gogo, akateremsha mkono, akaona weusi kwenye kiganja chake. Akainama. Kusoma hakukuwa kazi yake, lakini tarakimu alizijua kutoka kwenye mizani ya pamba. Akanyanyuka, akatuita sote uani, mama, mimi na Minza.

"Nani ameandika ng'ombe wangu?" akauliza.

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Minza alisogea akalitazama gogo. Nilimwona akiinamisha kichwa upande, kama anavyofanya akiona hesabu, na najua sasa kwamba papo hapo alielewa ni nini: kwamba ile ni ya saba, ambayo hatujaifanya. Akainua macho, hakuyaleta kwangu. "Si mimi, mjomba," akasema.

"Humu ndani nani mwingine anaandika andika? Uwanja wangu umeujaza, ukuta wa jiko umeujaza. Umefika na zizini?"

"Si mimi, mjomba. Zizini siandiki."

Mama akaingilia, "Baba, huyu ni mtoto, na mtoto hasemi..." Baba akamnyamazisha kwa mkono, akanigeukia mimi.

"Wewe unalala naye, unaamka naye. Ni yeye?"

Ningeweza kulia. Ningeweza kukimbia, kuzirai, kujifanya bubu, na watoto wengine wangefanya hivyo. Nilichofikiria ni fimbo, na nyuma ya fimbo nikawaona wale ng'ombe wote waliokufa wamelala wananitazama.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Nilimwona."

Mwongo mkubwa mimi! Sikuishia kwenye "ndiyo", niliongeza na kwamba nilimwona.

Miaka ile malori ya wanunuzi binafsi wa pamba yalikuwa yameanza kupita vijijini, kila moja na rangi yake, hakuna tena kusubiri gari la chama cha ushirika. Moja lilikuwa linaelekea Meatu, njia ya Bukundi kwao Minza, na asubuhi iliyofuata Minza akapandishwa juu ya marobota, na kifuko chake cha rambo. Sare ya shule alikuwa ameivaa, kwa sababu ndiyo nguo yake nzuri. Mama alimfungia michembe, vile viazi vilivyokaushwa, kwenye kitambaa. Baba alikuwa zizini, hakuja kuaga. Mimi nilisimama nyuma ya mama na nilikuwa naomba dereva aondoke haraka, Mungu anisamehe, kwa sababu Minza alikuwa ananitazama na sikuwa na pa kuweka macho yangu.

Ng'ombe hawakuacha kufa. Hilo lingetosha kumfungua mtu macho, lakini mtu hafunguki kirahisi. Zilipita kama wiki mbili bwana mifugo akafika kwa baiskeli. Alimshika dume mmoja sikio, akaligeuza, ndani kumejaa kupe waliovimba kama mbegu za mbarika.

"Mzee, hii ni ndigana kali," akasema. "Mliogesha lini mara ya mwisho?"

"Tuogeshee wapi?" baba akajibu. "Josho limekauka. Zamani dawa ilikuja na gari la serikali, sasa mnasema kila mtu ajinunulie mjini."

"Ndivyo mambo yalivyo siku hizi, mzee wangu. Lakini kupe hajui hayo."

Nilikuwa nimebeba kata ya maji ya bwana mifugo, nikasikia yote. Ndani yangu kitu kikalegea: kumbe si mimi! Si mara saba, si kidole changu. Nilifurahi, nawaambieni ukweli, nilifurahi mpaka maji yakamwagika. Na furaha haijamaliza hata kupita kooni nikamkumbuka Minza. Kama si mara saba, basi na yeye hana kosa, na pale pale ilikuwa nafasi ya kusema, "Baba, mkamchukue." Nikasubiri baba aseme mwenyewe. Kumbe na baba, kwa nilivyomwona akitazama barabara ya Meatu siku zile, alikuwa anasubiri mtu amwanzishie. Mama alijaribu mara moja. Baba akasema, "Kupe ni kupe, na kuandika ng'ombe ni kuandika ng'ombe," ikaisha hapo. Neno langu moja lingemgeuza. Nililimeza, na kadri siku zilivyopita likawa gumu zaidi kulitoa.

Minza hakurudi shule tena. Miaka michache baadaye akaolewa hukohuko Bukundi, na baba, kama mjomba wa bibi harusi, akaletewa fungu lake la mahari, ng'ombe wawili, jike na mtamba. Waliingia kwa mlango uleule, wakapita kwenye gogo lile. Nilikunywa maziwa ya yule jike. Na nilipofaulu kwenda sekondari, baba alimuuza yule mtamba ili nisome. Kwa hiyo mnaponiona na chaki mkononi, mjue nani alilipa.

Baba ameshafariki, hakujua. Mama ameshafariki, nadhani alijua. Minza tulikuwa tunakutana misibani, mara chache, tunaulizana habari za watoto, na mimi huwa nina haraka ya kuwahi gari. Basi baada ya chaki ile kuvunjika nilirudi nyumbani sikula. Jumamosi nikapiga moyo konde nikaenda Bukundi.

Nilimkuta uani kwake anabangua karanga, kanga kiunoni, miwani imefungwa na uzi. Amenenepa. Aliponiona akacheka na kunisukumia kigoda.

"Mwadila, mwalimu! Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki, dada."

"Basi kuna kitu, maana wewe huji hivihivi."

Nilikuwa nimepanga hotuba njiani kote. Ikapotea. "Dada Minza, yale ya kwenye gogo niliandika mimi. Na nikasema ni wewe."

Aliendelea kubangua, moja, mbili, tatu. "Najua," akasema. "Tisa zako zina mkia umepinda kushoto. Nilizijua pale pale."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema baada yako au kabla yako? Kabla yako nilikuwa naona utasema mwenyewe." Akapuliza maganda. "Baada yako, nani angenisikia? Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa namba."

Nikaanza kulia, kilio kibaya cha mtu mzima chenye makamasi. Hakunibembeleza, na nashukuru hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Ulishawahi kwenda mara nane?"

Mwalimu mzima wa hisabati, na sikuwahi. Miaka yote naishia sita, na kupita saba sijathubutu. Nikatikisa kichwa.

Minza akachukua kijiti, akafagia maganda kwa kiganja, akaandika mchangani: 1142856.

"Angalia," akasema. "Wamerudi wote na sura zao. Ila wa mwisho, Saba, amekuwa Sita, amepungukiwa na moja. Na hapa mbele yuko mmoja peke yake, yuko nje ya zizi, wa ziada. Mchukue huyu wa nje, mrudishie wa mwisho." Akafuta moja ya mbele, akaifuta sita, akaweka saba. 142857. "Wametimia. Saba haikuwaua."

"Umeiona lini hii?"

"Wiki ileile niliyorudi huku. Nilikuwa nakaa pale barabarani naifanya mchangani, kila lori likipita nainuka." Akaweka kijiti chini. "Nilitaka kumwonyesha mjomba, siku atakayokuja kunichukua."

Akavuta ungo wa karanga magotini, akaendelea kubangua. Nikasogeza kigoda karibu, nikaanza kubangua naye.